Simu Iliyopiga Yowe

Nyumbani kwetu Sapiwi mtandao ulikuwa unashika mahali pamoja tu, kwenye nguzo ya kona ya jiko, upande unaotazama njia ya kwenda Bariadi. Ukiishusha simu kidogo, unakata. Ukiingia nayo ndani, unakata. Kwa hiyo simu ya wadogo zangu ilikaa nguzoni mchana kutwa, ndani ya kibuyu kilichokatwa shingo, ambacho mdogo wangu wa kiume alikitundika kwa waya na kukielekeza mdomo wake mashambani. Alisema kibuyu kinaongeza sauti. Na ni kweli kilikuwa kinaongeza.

Simu ile niliinunua mimi, ya mtumba, kioo chake kimepasuka pembeni. Wakati huo nilikuwa Somanda, mjini Bariadi, kwenye kibanda cha kuchajia simu na kuwekea watu nyimbo, si mbali na hospitali. Bariadi ilikuwa imeshakuwa makao makuu ya mkoa mpya. Kampuni za simu zilikuwa zikigombea watu kama wanunuzi wa pamba wanavyogombea mkulima: kila kona mwavuli, chini ya mwavuli kijana, na mkononi mwa kijana laini ya bure. Simu za kupangusa zilishuka bei hadi zikamfikia mtu kama mimi, niliyeacha shule kidato cha pili baada ya mama kumfuata baba kaburini.

Tulibaki wanne. Mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, wa kiume, na kitinda mimba ambaye hata alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Siku ya kumaliza msiba, baba yetu mdogo, ndugu wa baba tumbo moja, alitaka kutugawa. Wa kiume angekwenda kwake kuchunga, wa kike kwa shangazi Maswa, na kitinda mimba angefuatana na dada yake huko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na maana.

"Wewe unakwenda mjini kutafuta," aliniambia. "Sawa. Mmoja wao akilala na homa, nani atajua?"

"Nitajua mimi, baba. Nitapiga kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, wakitoka shule."

Alifikiri, akakubali kwa sharti moja. Siku akisikia nimepiga na hakuna aliyepokea, angekuja na mkokoteni wa ng'ombe kuwachukua. Wazee waliokuwapo walisikia, na mimi nikaitikia mbele yao.

Kumbe kuahidi kulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kusikika. Simu ile ilikuja na mlio wa kiwandani, mwembamba, kama kijiko kinagongwa kwenye glasi. Saa kumi alasiri, wakati wa palizi, wadogo zangu walikuwa katikati ya pamba au kule chini kwenye majaruba ya mpunga, na kijiko na glasi haviendi mbali hivyo. Napiga, inaita, inakata. Napiga tena. Siku nyingine walipokea jua limekwisha kuzama, na mimi tangu alasiri nimekaa kibandani, namtazama kila aliyeshuka kwenye bodaboda nikidhani ni mjumbe wa baba mdogo.

Pale kibandani tulikuwa tunatoza watu kuwekewa mlio. Kampuni nazo ziliuza milio yao, wanakukata kidogo kidogo kila mwezi na hujui umekatwa lini. Lakini nilivyokuwa nashika simu za watu kutwa nzima, niliona kwamba kila kinachotakiwa kimo ndani ya simu yenyewe. Rekoda imo. Folda ya milio imo. Kilichokosekana ni programu ndogo ya kukatia sauti, nayo niliipata kwa mteja mmoja, akanirushia kwa blutuzi, hata bando halikutumika.

Jumapili moja nilipokwenda nyumbani nikamfundisha mdogo wangu wa kike. Unafungua rekoda, unarekodi sauti unayoitaka. Unaisikiliza. Unakata kimya cha mwanzo na kikohozi cha mwisho. Unaihamishia kwenye folda ya milio. Halafu unafungua jina la mtu, unabonyeza kuhariri, unachagua ile sauti iwe yake peke yake. Alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi.

"Kwa hiyo nikiweka sauti yoyote, ukipiga wewe ndiyo italia?"

"Yoyote. Ila iwe kubwa, na iwe ambayo ukiisikia huwezi kukaa."

"Na hela?"

"Hakuna hela. Sauti ni zetu."

Walianza na kengele ya maksai wetu mkubwa. Tulikuwa na maksai wawili, ndio waliolima shamba letu, na kwa zamu walilima pia kwa majirani waliotulipa kwa kutusaidia kupalilia. Kengele ile ilisikika vizuri sana. Tatizo ni kwamba waliisikia, wakasema maksai wanarudi, wakaendelea kupalilia. Wakaweka jogoo. Nikipiga simu, jogoo wa kwenye kibuyu anawika, jogoo wa kweli anamjibu, na wa jirani anawajibu wote wawili, wala hakuna anayenyanyua kichwa. Wakaweka sauti ya kitinda mimba akilia. Hiyo nayo walikuwa wameizoea.

Wiki hiyo ng'ombe wa mtu mmoja ng'ambo ya bonde waliibiwa mchana. Mwenye boma alipiga mwano. Kwetu Usukumani mwano ni ile sauti ya hatari, yowe refu linalopanda na kukatika, na filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa jadi, juu yake. Ukiusikia huulizi. Unaacha ulichoshika, unachukua fimbo au upinde, unakimbia kule mwano unakotoka, na kabla ya kukimbia unaupiga na wewe ili boma linalofuata lisikie. Asiyetoka anatozwa faini. Anayeupiga kwa uongo anatozwa ng'ombe. Siku ile ng'ombe walipatikana kabla ya jua kuzama, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amesimama jikoni na simu mkononi, alikuwa amerekodi.

Kesho yake jioni tulipoongea alikuwa na furaha. "Dada, nimeweka mlio mpya. Huu lazima tusikie. Hata tukiwa tumelala tutasikia."

"Ni sauti gani?"

"Wewe piga kesho, utaona."

Nikapiga. Ilikuwa saa kumi, kibandani kuna wateja wawili na betri zao. Inaita, hakuna. Baadaye nilijua kwamba wote watatu walikuwa wamekwenda lamboni kunywesha maksai, nyuma ya mwinuko, kule ambako hata kengele ya kanisa haifiki. Nikapiga tena. Hakuna. Mimi nikiwa na jambo sikati tamaa upesi, na siku hiyo nilikuwa na hofu, kwa hiyo nikapiga tena na tena, na kila nilipopiga, kibuyu kilipiga mwano upya.

Mara ikapokelewa. Mwanamume, anahema kama aliyebeba gunia.

"Haloo! Wameelekea wapi?"

"Nani hao?"

"Wezi! Sema upesi, wameshuka mtoni au wameshika barabara?"

"Wezi gani, baba? Mimi nimepiga simu."

"Wewe si ndiye uliyepiga yowe?"

"Sijapiga yowe. Nimepiga simu. Hiyo uliyoishika."

Nyuma yake nikasikia mbwa, filimbi, miguu ya watu wengi, na sauti ya mtu mwingine ikiuliza, "Amesemaje? Ng'ombe wangapi?"

"Ngoja kwanza. Ni simu."

"Wameiba simu?"

"Hapana. Simu ndiyo iliyopiga yowe."

"Simu?"

"Simu gete, simu kweli. Iko hapa kwenye kibuyu."

Mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akamkaripia. Mimi Somanda nikakaa chini kwenye kreti la soda.

Wadogo zangu walirudi kutoka lamboni wakakuta uwanja umejaa. Mdogo wangu wa kiume alinisimulia kwamba kitinda mimba alipoona watu wengi vile nyumbani alisimama, akaanza kulia. Kwake watu wengi nyumbani walikuwa na maana moja tu. Alianza kuwahesabu ndugu zake kwa kidole, wa kike yupo, wa kiume yupo, na alipoona mimi sipo akapiga kelele ambayo hakuna mlio ungeifikia. Walinipigia ili asikie sauti yangu. Aliuliza kama nimekufa. Nikamwambia niko Somanda, nimekaa kwenye kreti, nina njaa. Akanyamaza.

Lakini neno lilikuwa limeshamfikia baba mdogo. Dagashida, baraza la kijiji, liliitwa Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa lile ghala la zamani la ushirika. Pamba haikuwa ikiingia tena mle ndani tangu wanunuzi binafsi waje na mizani zao barabarani, ila uwanja ulibaki wa watu wote. Nilichukua bodaboda asubuhi. Nilipofika nikapiga goti kidogo kuwasalimu wazee, "Mwangaluka," wakaitikia, lakini kwa ubaridi. Nikakaa upande wa wanawake, wadogo zangu mbele yangu. Baba mdogo alikaa upande wa pili. Mkokoteni wake niliuona umeegeshwa ukutani mwa ghala.

Mtemi wa sungusungu alikuwa mzee mwembamba aliyesema polepole. Alieleza kilichotokea kama vile hakuna aliyekuwapo. Kisha akaruhusu watu.

"Mimi nilikuwa kwa fundi wa baiskeli," akasema mmoja. "Baiskeli haina gurudumu la mbele. Nimerudi, fundi naye hayupo. Amekimbilia mwano."

"Mimi nilikimbia na kiatu kimoja."

"Wewe siku zote una kiatu kimoja."

"Mke wangu anajifungua ndani, mimi natoka na upinde!"

"Alijifungua salama?"

"Wa kike."

"Basi mwite Simu."

Watu wakacheka, na mtemi akawaacha wacheke, halafu akanyanyua fimbo. Akasema angependa kuusikia huo mwano kwa masikio yake, kwa sababu siku ile alikuwa mnadani. Mdogo wangu wa kike akasimama na simu, akabonyeza. Ikalia. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye ngazi ya ghala akainuka na fimbo yake. "Wapi?" akauliza. "Wapi?" Ikabidi ashikwe mkono na kukalishwa.

"Mnaona," akasema mtemi, na sasa hakuna aliyecheka. "Sauti hii imetulinda tangu wazazi wetu. Siku watu wakianza kuifikiria mara mbili, ng'ombe wamekwisha. Sheria inasema ng'ombe mmoja."

Sisi ng'ombe tulikuwa na wale maksai wawili. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau. Bila plau hakuna shamba, hakuna majirani wa kupalilia, na watoto watatu hawawezi kukaa kwenye nyumba isiyolima. Kila mtu pale alijua hesabu hiyo.

Baba mdogo akasimama. Alivua kofia.

"Ng'ombe nitamtoa mimi, katika zangu," akasema. "Maksai wa marehemu kaka waachwe. Lakini watoto leo nakwenda nao. Huyu binti yangu," akanionyesha, "nilimpa nafasi, na amejitahidi. Wote mmeona amejitahidi. Lakini alipopiga hakupata mtu, akabaki kupigia ukuta. Leo ni mchezo. Kesho ni nyoka."

Wakubwa wakaguna kukubali. Hata mimi ndani yangu nilisikia kwamba amesema haki. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Alikuwa anatoa ng'ombe wake, na sauti yake ilikuwa na machozi. Kitinda mimba alinigeukia akanitazama, ananisubiri.

Nikasimama.

"Baba zangu na mama zangu," nikasema, "tumewasumbua, na faini ni haki. Sipingi. Lakini baba mdogo amesema nilipopiga sikupata mtu. Mimi nilipata mtu. Nilimpata yule baba pale aliyepokea, anahema. Nyuma yake nilisikia wengine, sijui wangapi. Siku ya kumaliza msiba niliulizwa mmoja wao akipata shida nani atajua, nikajibu nitajua mimi. Nilijibu vibaya. Mimi niko Bariadi. Waliojua ni ninyi. Simu ililia bila mtu, na kabla sijamaliza kupiga, uwanja wetu ulikuwa umejaa watu wenye fimbo. Sasa naomba mniambie, hawa watoto wako peke yao?"

Nikakaa.

Mwanamke jirani yetu, mjane, ambaye ndiye aliyeuchukua mwano wa kwanza kutoka kwenye kibuyu na kuupeleka mbele, alisema akiwa amekaa vilevile, bila ruhusa.

"Mimi nilifika wa kwanza. Niliingia na mwiko mkononi, mnisamehe, nilikuwa nasonga. Mnasema pale hapakuwa na mtu mzima. Mimi nilikuwa nani, mbuzi?"

"Mama, hakuna aliyesema hivyo."

"Mmesema. Kila jioni kabla sijawasha moto wangu natazama moshi wa kwao. Usipotoka, nakwenda. Hamkuniuliza, sikusema. Sasa nasema."

Halafu yule aliyepokea simu naye akasema kwamba wale maksai walimlimia mwaka uliopita alipovunjika mkono, na mdogo wangu wa kiume hakukosa hata siku moja. Mwingine akaongeza jambo la kitinda mimba kumrudishia kuku. Vilikuwa vitu vidogo, vya mtu mmoja mmoja, na nilikuwa sivijui. Nilisikia maisha ya nyumbani kwetu yakisimuliwa na watu wa nje, na yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyapata kwenye simu.

Mtemi alinong'onezana na wenzake. Kisha akatoa neno. Mwano usiwekwe tena kwenye simu ya mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, kuanzia siku hiyo. Faini ibaki, kwa sababu sheria haifutwi kwa maneno matamu, ila kwa kuwa hakukuwa na mdomo wa mtu uliosema uongo, isiwe ng'ombe. Waliokimbia walikimbia na njaa, kwa hiyo nyumba yetu iwapikie. Kuhusu watoto, akamgeukia baba mdogo.

"Wewe ndiye baba. Baraza haliwezi kukunyang'anya. Unasemaje?"

Baba mdogo alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Alimtazama yule mjane, akawatazama wadogo zangu mmoja mmoja. "Kama moshi wao una mtu wa kuutazama," akasema, "mimi nitakuja kuwaona Jumapili. Na nitakuja kama mgeni."

"Wabeja, baba," nikamwambia. Asante nyingine sikuwa nayo.

Tuliwapikia Jumamosi iliyofuata. Niliomba ruhusa kibandani. Mchele ulikuwa wetu, kuku watatu wetu, na tulijua havitoshi umati ule, lakini wanawake walianza kuingia uani na vyungu vyao vilivyofunikwa kwa majani, mmoja na kunde, mwingine na mlenda, mwingine na maziwa ya mgando, kila mmoja akisema amepita tu. Baba mdogo alikuja na mkokoteni, na ndani yake kulikuwa na kuni. Alizishusha mwenyewe, kisha akachukua birika na beseni akawanawisha watu mikono, mmoja baada ya mwingine, kama inavyompasa mwenye nyumba.

Baada ya kula wakanizunguka na simu. Walikuwa wamesikia kwamba mlio unaweza kutengenezwa bure na kwamba si lazima uwe wa kampuni. Mmoja alitaka fahali wake, ikabidi twende bomani tukamngoje alie. Yule mwenye mtoto mchanga alitaka sauti ya mtoto. Mtemi alitaka sauti yake mwenyewe akiimba ngoma yake ya ujanani, aliimba mistari miwili, akajisikiliza, akasema tufute, tukarudia hadi akaridhika. Mdogo wangu wa kike alikata, mimi nikapanga kwenye majina. Kwenye simu yetu tuliweka sauti ya mjane akimwita kitinda mimba kutoka ng'ambo ya ua wake, maana hiyo hakuna mtoto Sapiwi aliyethubutu kuisikia na kuendelea na alichokuwa akifanya.

Baba mdogo alisubiri mpaka watu wamepungua. Akatoa simu yake mfukoni, ya vitufe, ile yenye tochi.

"Na hii, mayu, inaweza?"

Mayu ni mama. Aliniita hivyo siku ile kwa mara ya kwanza.

"Hiyo haiwezi, baba. Lakini sauti yako tunaweza kuiweka kwenye simu ya watoto. Ukipiga wewe, wajue."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Mdogo wangu wa kiume akamsogezea simu. Baba mdogo akakohoa, akanyoosha shati, akainama karibu sana na kioo kilichopasuka kama mtu anayechungulia kisimani. "Ni mimi," akasema kwa nguvu. Akasita, akatutazama sisi wanne tuliokuwa tumebana midomo. "Ni mimi, baba yenu. Mkiwa kazini malizeni kwanza, nitapiga tena."